Somo: Kusimamia akaunti za wanafunzi kwenye faili moja la nywila (NIS)

Wadau, salaam kutoka mwisho wa reli.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu aliwasha kompyuta namba tisa pale maabara, hapa Kigoma, akaingia kwa jina lake na nywila yake. Folda yake mwenyewe ikamkatalia, ya mwenzake ikamfungukia kama mlango usio na komeo. Hakudukua chochote. Mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka mashine moja moja kuandika akaunti kwa mkono, na kwenye ile ya tisa nilikosea mpangilio. Kijana akapewa namba 1004, wakati kwenye seva ya mafaili 1004 ni mtu mwingine.

Linux, mfumo unaoendesha mashine zetu, haijui majina, inajua namba. Jina ni la kutusaidia sisi binadamu tu. Faili likihifadhiwa, kinachogongwa juu yake ni namba ya mwenye faili. Ndiyo maana mashine zikishirikiana folda, lazima zote zisome orodha moja ya watu. Kazi hiyo NIS (Network Information Service, huduma ya kusambaza orodha ya akaunti kutoka seva moja kwenda mashine zote) inaiweza. Ilitengenezwa na Sun Microsystems miaka ya 1980 ikiitwa Yellow Pages, lakini jina hilo lilikuwa alama ya biashara ya British Telecom huko Uingereza, ikabidi libadilishwe. Herufi "yp" mtakazoziona kwenye amri zimebaki tangu enzi hizo.

Nachukulia seva yako ya Debian (aina mojawapo ya Linux) imeshasimama na mashine zinaiona. Ukiandika ypwhich kwenye mashine ya mwanafunzi, inapaswa kukutajia seva. Isipokutajia, malizana na hilo kwanza.

1. Tenga namba. Debian humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000, kwa hiyo kila mashine ina 1000 yake. Wanafunzi waanzie 2000. Fungua /var/yp/Makefile, weka MINUID=2000. Hapo akaunti yako ya usimamizi haitasambazwa kwenye mtandao, wala ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Halafu nunua kauntabuku, andika namba na mwenyewe. Nacheka ninapoandika hivi, mwalimu wa kompyuta na kalamu, lakini lile daftari limeniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote.

2. Ongeza mtu, kwenye seva tu:

useradd -m -u 2031 -g wanafunzi -s /bin/bash w24031
passwd w24031
make -C /var/yp

Kundi "wanafunzi" liwepo kabla, nalo nimelipa namba 2000. Mstari wa tatu ndio watu husahau. Seva haigawi faili lenyewe, inagawa nakala zilizopangwa kutokana nalo, na nakala hazijitengenezi zenyewe.

3. Hakiki ukiwa kwenye mashine ya mwanafunzi:

getent passwd w24031

Utaona mstari wenye sehemu saba zilizotengwa kwa nukta mbili. Ya tatu ndiyo namba. Ilinganishe na daftari.

4. Kubadili nywila. Mwanafunzi atumie yppasswd, siyo passwd. Huduma ya yppasswdd iwe inafanya kazi kwenye seva. Yenyewe hurekebisha faili na kutengeneza nakala upya.

5. Anayehitimu. Usimfute siku hiyo hiyo. Mfungie kwa usermod -L w24031, kisha make tena. Mwisho wa muhula hamisha kazi zake, ndipo userdel. Namba yake usimpe mtu mwingine kamwe: faili lolote lililosahaulika kwenye kona ya diski litakuwa mali ya mgeni.

Ukilazimika kuhariri faili kwa mkono, tumia vipw. Inalifunga ili mwingine asiandike wakati huohuo.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Niko Kasulu. Nimeongeza mtu, kwenye seva anaingia vizuri, mashine nyingine zinamkataa.

Marahaba. Umefanya make? Kama ndiyo, angalia /etc/nsswitch.conf kwenye zile mashine, faili linaloiambia mashine itafute akaunti wapi. Mistari ya passwd, group na shadow iwe na "files nis", kwa mpangilio huo.

Kaka, umeme wa huku unakatika bila hodi. Seva ikizima, maabara nzima si inalala?

Inalala, na mashine huganda zikiitafuta. Weka seva ya pili ya akiba kwa ypinit -s, na kwenye Makefile ya seva kuu weka NOPUSH=false ili nakala zisukumwe huko. Ila ukiwa na UPS (betri ya akiba) moja, mpe seva kuu, maana folda za watu ziko humo. Na kila mashine ibaki na akaunti moja ya ndani ya kukuingiza wewe.

Ni kweli mwanafunzi yeyote anaweza kuziona nywila za wote?

Anaweza kuziona zikiwa zimefumbwa, kwa amri ypcat passwd, ikitegemea seva ilivyopangwa. Lakini nywila kama "kigoma123" hufumbuliwa upesi. Angalau funga mlango wa nje: kwenye /var/yp/securenets futa mstari wa sufuri tupu unaoruhusu dunia nzima, uandike mtandao wako, kwa mfano 255.255.255.0 192.168.1.0. Kwa ofisi yenye siri za watu au fedha nisingekushauri NIS hata kidogo. Red Hat, watengenezaji wa Linux nyingine, wameshaiondoa kwenye toleo lao la 9. Huko nenda LDAP, njia nyingine ya kutunza orodha ya watumiaji mahali pamoja.

Mimi nimeshachelewa mwalimu. Mashine kumi na mbili, kila moja na namba zake. Nianze upya?

Hapana ndugu yangu. Zuia watu wasiingie, kisha kwenye kila mashine, kwa kila mtu, badilisha wenye mafaili:

find /home -xdev -uid 1004 -exec chown -h 2004 {} +

1004 iwe namba yake ya zamani *kwenye mashine hiyo*, 2004 namba mpya ya kwenye daftari. Kwa kuwa mpya zote zinaanzia 2000, hazigongani na za zamani. Ukimaliza, futa akaunti yake ya ndani kwa userdel bila -r. Ukiweka -r, folda nayo inaweza kufutika.

Nimeshaweka -r kwenye mashine ya kwanza.

Zima hiyo mashine sasa hivi, usiandike kitu kingine juu ya diski. Nakuja inbox.