Bosanova Kisumu: bendi moja, Kireno, Kiswahili na Dholuo

Wapigaji wa Kisumu hawashindwi na kodi za bosanova (noti za gitaa zinazolia pamoja, si zile za KRA). Kinachowaponyoka ni uzito wa mdundo. Benga huikanyaga ngoma ya mguu kwa kila pigo. Samba, muziki wa Brazili uliozaa bosanova, huhesabiwa mbili-mbili, na ngoma yake kubwa, surdo, hunguruma kwenye pigo la pili. La kwanza huzibwa kwa kiganja. Mkiegemea la kwanza, wimbo unageuka gwaride. Kama surdo haipo, chukueni ngoma ya chini ya drams, ile ya inchi 16 isimamayo sakafuni, legezeni ngozi yake na mkunje taulo dogo juu ya ukingo mmoja.

Bosanova ni samba iliyopunguzwa sauti. Tegeni metronomu kwenye mapigo 120 kwa dakika. Zaidi ya 140 utamu hupotea. Mpiga drams ahesabu nusu-pigo 1 hadi 16, arudie. Kwa ubavu wa kijiti, agonge ukingo wa sneya kwenye 1, 4, 7, 11 na 14. Hapo kwenye 14 ndipo penye mtego: mkono uliokulia kwenye rumba utaangukia 13 bila kuomba ruhusa, na bendi nzima itahamia Kinshasa. Rekodini kwa simu, msikilize pigo hilo tu. Mguu wa kulia ukanyage taratibu kwenye 1, 4, 5, 8, kisha 9, 12, 13, 16. Haihati, visahani viwili vinavyogongana, ifungwe kwa mguu wa kushoto kwenye 3, 7, 11 na 15. Kayamba ichukue nusu-pigo zote 16, kwani mchakacho wake uko karibu sana na ganzá ya Brazili.

Gitaa liwe la nyuzi za nailoni. Kidole gumba kinatembea na besi, vidole vitatu vinavuta kodi kwa pamoja, nje ya mapigo. Besi ikiwepo, gumba lipunguze nguvu, la sivyo sauti za chini zitajaa tope. Mpiga besi naye aache mbio za juu za benga. Noti mbili, ya mzizi (inayoipa kodi jina) na ya tano kutoka hapo, zinamtosha ubeti mzima. Mpiga solo? Akae kimya hadi aitwe. Mwenye orutu, fidla ya Kiluo, asiachwe nyumbani: kidole kikiteleza juu ya ule uzi mmoja, hutoa kilio kinachokaribia cuíca, ngoma ya samba inayolia kama mtu.

Sasa ulimi. Kireno cha Rio hakisomwi kama kilivyoandikwa, kwa hiyo kila mstari uandikiwe chini yake kwa tahajia yetu. "Noite" ni noichi, "cidade" ni sidaji, "Rio" ni Hiu, "Brasil" ni Braziu. "Minha" ni rahisi: ny ya nyumba. Kazi iko kwenye "não" na "coração". Pumzi ipite puani bila kufunga kwa ng'. Ukiishika pua na sauti ikabadilika, uko sawa. Mwimbaji akiogopa, mkumbusheni kwamba meza na bendera anazozitaja kila siku zilitoka kwa Wareno.

Kuweka maneno ya Kiswahili kunahitaji sikio. Mistari mingi ya Kireno huishia kwa mkazo wa mwisho, kama "amor". Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: katika "upendo", pe ndiyo iketi kwenye noti nzito, na ndo ipewe noti fupi ya nyongeza. Mkiivuta hiyo ndo, kila Mswahili ukumbini atakunja uso. Dholuo ina toni, na melodia ikienda kinyume chake neno hubadilika maana. Mwimbieni mama aliyelelewa Seme au Gem bila kumwonyesha karatasi, kisha arudie alichosikia. Alipokosea, badilisheni noti, msimlaumu.

Kabla ya kutafsiri, angalieni haki. Tom Jobim, mtunzi mkubwa wa bosanova, alifariki 1994, na sheria ya Kenya hulinda kazi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Tafsiri inahitaji idhini. Njia nyepesi ni kutunga maneno na melodia yenu juu ya mdundo huo.

João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa wa bosanova, aliimba kama anayemnong'oneza mtu wa karibu. Basi kii, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, ichaguliwe na mwimbaji, hata ikiwa E inayowachukiza wapiga saksafoni, na mdomo uwe kama sentimita 5 kutoka kwa maikrofoni. Mazoezini, izimeni maikrofoni: mpiga drams asipoyasikia maneno, anapiga kwa nguvu mno. Nyuzi mpya za nailoni hunyooka siku kadhaa, kwa hiyo zifungwe tangu Jumanne kama shoo ni Jumamosi. Na gitaa likitoka kwenye joto la Kondele kuingia ukumbi wenye kiyoyozi, lipumzike nusu saa ndipo mlitune.