Namba ya uwezekano inapofichwa ndani ya herufi

Mwanafunzi anayekwama kwenye swali la uwezekano mara nyingi ameanza kukokotoa kabla hajajua kinachotafutwa. Soma swali mara mbili, kisha andika kwa maneno kitu usichokijua na ukipe herufi.

Tuseme mfuko una gololi nyekundu kadhaa na gololi 6 za buluu, na uwezekano wa kutoa gololi nyekundu bila kuangalia ni 2/5. Je, gololi nyekundu ni ngapi? Idadi yake na iwe x. Gololi zote basi ni x + 6, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuandika x/6, kana kwamba nyekundu zinalinganishwa na za buluu, ilhali uwezekano ni idadi ya matokeo yanayotakiwa ikigawanywa kwa idadi ya matokeo yote, mradi kila tokeo liwe na nafasi sawa na jingine. Mlinganyo wetu ni x/(x + 6) = 2/5. Zidisha pande zote mbili kwa 5 na kwa (x + 6) ili kuondoa asili za sehemu hizo: 5x = 2(x + 6). Ukifungua mabano unapata 5x = 2x + 12, kisha ukitoa 2x kila upande inabaki 3x = 12, hivyo x = 4.

Usifunge daftari bado. Rudisha 4 kwenye swali: 4/10 ni 2/5, jibu limekubali. Aliyesahau kuzidisha 6 kwa 2 angeandika 5x = 2x + 6 na kupata x = 2, lakini 2/8 ni 1/4, na kosa lingejifichua lenyewe. Mimi huliona zoezi lisilohakikiwa namna hii kuwa halijakamilika, hata kama jibu ni sahihi.

Sasa gololi mbili zikitolewa moja baada ya nyingine, tazama kama ya kwanza inarudishwa. Ikirudishwa, uwezekano wa kupata nyekundu zote mbili ni 4/10 × 4/10 = 4/25. Isiporudishwa, mfukoni zimebaki gololi 9, nyekundu zikiwa 3, kwa hiyo ni 4/10 × 3/9 = 2/15.

Neno "angalau" lina njia yake ya mkato. Ili kujua uwezekano wa kupata angalau nyekundu moja bila kurudisha, tafuta uwezekano wa kukosa nyekundu kabisa, yaani 6/10 × 5/9 = 1/3, kisha uutoe kwenye 1; jibu ni 2/3. Ukitaka kuhakiki kwa njia ndefu, jumlisha nyekundu mbili, 12/90, na nyekundu moja tu, 48/90, ukikumbuka kwamba hiyo moja inaweza kutoka kwanza au ya pili. Jumla ni 60/90, ambayo ni ileile 2/3.