Kuufundisha waya umbo lake kwa jiko la makaa

Dada yangu anakausha tangawizi kule Wete, katika sanduku la mbao lenye kioo juu na tundu la hewa mgongoni. Tundu likifungwa mchana kutwa, joto linapita kiasi: vipande vinakauka ngozi huku ndani vibichi, na harufu imeshakwenda zake. Likiachwa wazi usiku, umande unaingia na kazi ya siku nzima inaharibika. Kila saa sita ilibidi atoke shamba mbio kuja kufungua. Nikamwambia, "Dada, niachie mimi. Litafunguka lenyewe."

Hapana umeme pale, wala betri. Kinachofungua ni springi ya waya wa nikeli na titani, inayopandisha kimlango cha tundu ikipata joto. Mimi ni fundi redio, na kazi hii nimeifanya kwa jiko la makaa na plaisi. Naieleza kwa sababu natamani mafundi wenzangu wa Pemba waijue.

Kwanza uelewe waya wenyewe. Atomu zake zina mpangilio wa aina mbili. Waya ukiwa na joto, zinasimama wima na waya unakuwa mgumu. Hali hiyo huitwa austenaiti. Ukipoa, zinalala upande na waya unalegea. Hiyo ni matensaiti. Fikiria juzuu kwenye rafu ya chuo isiyojaa: nyingine zimeegemea kulia, nyingine kushoto. Ukisukuma safu, zilizoegemea kushoto zinageukia kulia. Sura ya safu imebadilika, lakini kila juzuu bado iko na jirani yake yule yule. Kuupinda waya uliopoa ni hivyo hivyo, unageuza maegemeo tu. Upashe moto, zote zitasimama, na kwa kuwa namna ya kusimama ni moja, umbo la mwanzo linarudi. Chuma cha kawaida ukikipinda sana, atomu zinateleza na kuachana na majirani zao, ndiyo maana hakirudi. Waya wetu nao una mpaka: ukivutwa zaidi ya asilimia 8 hivi, unaharibika kama mwingine wowote. Kwa kitu cha kufanya kazi kila siku, mimi sifiki hata nusu ya hapo.

Jina lake ni Nitinol: Ni ya nikeli, Ti ya titani, na NOL ni Naval Ordnance Laboratory, maabara ya jeshi la majini la Marekani alikokuwa akifanya kazi William Buehler. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kipande kilichokunjwakunjwa kilikuwa kikipitishwa mkono kwa mkono mkutanoni, mmoja wao akakitia moto wa kiberiti cha gesi, kikajinyoosha mbele ya macho yao.

Sasa jambo ambalo watu wengi huliruka: kuchagua joto. Nikeli ikiongezeka kwa asilimia 1 tu ya atomu, joto la kuamka, yaani lile la kurudia umbo, linashuka kwa nyuzi joto 100 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo waya huuzwa kwa nyuzi zake, na lazima uulize kabla hujalipa. Mimi mara ya kwanza niliagiza wa 45. Kimlango kilifunguka vizuri sana, kisha kikakataa kufunga, na asubuhi tangawizi ilikuwa imelowa. Nilikuwa sijajua kwamba waya haulali kwenye joto lile lile la kuamkia. Ili ulale lazima upoe zaidi, pengine nyuzi 20 au 30 chini yake, na usiku wa Pemba wakati wa kaskazi ni wa joto. Kwao walioandika maelekezo niliyoyafuata, usiku una baridi ya kutosha. Kwetu chukua wa 60.

Wa nyuzi 20 kwa hapa kwetu uko macho daima. Ukiupinda na kuuachia, unaruka kurudi kama mpira. Usiutupe ukadhani umeuziwa mbovu. Ndiyo tabia inayotakiwa kwenye fremu za miwani na nyaya za kupanga meno. Madaktari nao wanatumia vibomba vya wavu vya madini haya: kinaingizwa mshipani kikiwa kimebanwa, kikifika mahali pake kinatanuka na damu inapita. Hata kigari kidogo cha Sojourner, kilichofika Mars mwaka 1997, kilikuwa na waya wa aina hii wa kusogeza kioo juu ya seli ya jua ili vumbi lipimwe.

Turudi jikoni. Chukua waya wa milimita 1 na bolti ya milimita 12. Zungusha mizunguko kumi, iliyobanana, na kila ncha uikaze kwa washa na nati, maana waya usipobanwa utajinyoosha motoni na somo litapotea. Bolti iwe ya chuma kitupu. Yangu ya kwanza ilikuwa imepakwa zinki, ile nyeupe wanayotumia kwenye vyombo vya baharini. Zinki ikayeyuka, ikagandia waya, nikatupa vyote viwili.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 500 hivi, na kipimo cha joto hilo sina. Natumia vigae viwili. Kimoja nakiwekea kipande cha ganda la betri ya redio ya bei nafuu, lililooshwa likatakata. Hilo ni zinki, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 420. Cha pili nakiwekea kipande cha sufuria ya aluminiamu, ambayo huyeyuka karibu na 660. Kopo tupu la maziwa nalilaza ubavu juu ya makaa, bolti ndani, vigae pembeni yake bila kugusana nayo, na kazi yote naifanyia uani penye upepo. Zinki ikianza kung'aa na kujikusanya kama tone, ongeza makaa kidogo, kisha hesabu dakika kumi. Aluminiamu ikilainika, umepitiliza, toa upesi. Ukimaliza, shika bolti kwa koleo uitumbukize yote kwenye ndoo ya maji.

Fungua nati. Ivute springi kwa mkono, itakaa hivyo hivyo imelegea. Imwagie maji ya moto ya chai, utaiona inajikusanya yenyewe mpaka mizunguko inagusana. Nimeshaiona mara nyingi, na kila mara bado naita watoto waje watazame.

Kimlango kiwe cha kupanda na kushuka kwenye mifereji, kama cha banda la kuku, kizito kama robo kilo. Uzito huo ndio unaoivuta springi inapopoa, kwa sababu waya unakumbuka umbo la moto peke yake. La baridi lazima uwekewe wa kuvuta. Springi ining'inie ndani, juu kabisa, penye hewa ya moto, ifungiwe mshipi wa kuvulia unaopita juu ya kapi dogo mpaka kwenye kimlango. Kapi langu nililitoa kwenye redio ya zamani, lile la uzi wa kusogeza mshale wa stesheni. Ncha usijaribu kuilehemu, risasi haishiki kwenye madini haya. Ibane kwa skrubu na washa.

Kabla ya kuifunga, tundika ile robo kilo kwenye springi, kisha ichovye kwenye maji ya moto na ya baridi mara ishirini au thelathini. Mwanzoni urefu wake unabadilika kidogo kila mara, baadaye unatulia. Hapo ndipo ukate mshipi kwa kipimo. Kwa dada kimlango kinapanda vidole viwili, na hicho kinamtosha. Tundu amelipanua kwa upana, si kwa kimo.