Namna ya Kusoma Taarifa za Kituo cha Matetemeko cha Memphis

Mwaka 1977 Bunge la jimbo la Tennessee, nchini Marekani, lilianzisha katika chuo kikuu cha Memphis kituo cha kuchunguza matetemeko ya ardhi na kuwaarifu wananchi. Kazi hiyo ya pili inamhitaji msomaji anayeielewa taarifa, hasa yule anayeishi karibu na New Madrid, ukanda wa nyufa za ardhi katikati ya Marekani, uliotikisika vibaya kati ya Desemba 1811 na Februari 1812.

Ukihisi mtikisiko, jikinge kwanza: inama, ingia chini ya meza imara na uishikilie mpaka ardhi itulie. Taarifa utaisoma baadaye.

Anza na saa, ambayo mara nyingi huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Saa za Memphis ziko nyuma yake kwa saa 6 majira ya baridi na saa 5 majira ya joto. Kisha tazama ukubwa, na hapa usiwe na haraka. Namba ikipanda kwa moja, nishati inayotoka ardhini huongezeka takriban mara 32, kwa hiyo tetemeko la 6 limelizidi mno lile la 5. Tena ukubwa ni mmoja kwa tetemeko zima, ilhali ukali, yaani nguvu ya mtikisiko mahali ulipo, unaopimwa kwa kipimo cha Mercalli kuanzia I hadi XII, hutofautiana kati ya mahali na mahali kulingana na umbali, kina na aina ya udongo. Memphis imekaa juu ya tabaka nene la mchanga na udongo, na miamba ya mashariki ya Marekani hupitisha mawimbi mbali kuliko ile ya California. Usijipe moyo, basi, kwa sababu tu kitovu, yaani mahali palipo juu ya chanzo cha tetemeko, kiko mbali.

Namba za mwanzo hurekebishwa wataalamu wanapozipitia, hivyo rudia kuzisoma kabla ya kuwatumia jamaa. Jaza pia fomu ya Shirika la Jiolojia la Marekani inayouliza ulihisi nini, hata kama hukuhisi chochote, kwani jibu hilo nalo husaidia kuchora ramani ya ukali.

Ujumbe unaotaja siku ya tetemeko lijalo usiusambaze. Utabiri wa namna hiyo kuhusu Desemba 3, 1990 ulifanya shule nyingi za eneo hilo zifungwe, na tetemeko halikutokea. Wanasayansi hutoa makadirio ya uwezekano kwa miaka mingi ijayo, nayo yanatosha kukufanya leo ufunge kabati refu na tangi la maji ya moto ukutani.