Jinsi ya kulikagua Jiwe la Rosetta kwa simu

Kama nauli ya London huna (hata mimi sina), ingia Sketchfab, tovuti ya vitu vya 3D, utafute Rosetta Stone, British Museum wenyewe, makumbusho ya London yenye hilo jiwe la kale la Misri, waliiweka kwa 3D mwaka 2017, ila tumia wifi maana inakula bando balaa. Ikifunguka vuta kwa vidole viwili taratibu, utaona tangazo moja la mwaka 196 KK kwa maandishi ya aina tatu, juu hieroglifu (maandishi ya picha ya Misri ya kale), katikati demotiki (mwandiko wa kila siku wa Wamisri), chini Kigiriki.

Sasa hapa ndo patamu, zungusha uende ubavuni, jiwe lenyewe huko limepakwa maneno ya Kiingereza kwamba lilitekwa Misri na jeshi la Uingereza 1801, na anayepiga selfi mbele ya kioo anayapita tu. Skrini inadanganya saizi lakini, chukua futi upime sentimita 112 ukutani, ndo kimo chake.