SOMO: Namna meli inaingia gudi mpaka tumbo yake inakauka

Jambo bandugu. Hii somo niliiahidi tangu siku ile tulikuwa tunasude (tunachomelea chuma) tumbo ya boti pale Kituku, kwa Ziwa Kivu, mawimbi yanatupiga mgongoni, mutu mumoja akauliza: bazungu wanafanyaka je na meli kubwa isiyovutika mchangani? Wanaingiza gudi, ni shimo kubwa pembeni ya maji yenye mlango: meli inaingia, kiisha maji inatolewa. Mfano wangu ni gudi namba 1 ya Charlestown, kule Boston, shimo ya mawe ya graniti yenye ngazi pembeni, ilifunguliwa 24 Juni 1833 na meli ya kwanza ndani ilikuwa USS Constitution, meli ya vita ya Amerika. Meli ilitengenezwa upya mule, na 2015 ile ile meli ya mbao iliingia tena, ikatoka 2017.

Hatua ya 1: shimo ikiwa kavu, panga magogo chini, kwa mstari, kufuata plani ya tumbo ya meli. Hapa njo kazi yote iko! Ukikosea gogo moja, uzito wote unalalia mahali pasipo na nguvu na hautaona kitu kwa sababu maji yatakuwa yamefunika.

Hatua ya 2: fungua vali, maji iingie mpaka ilingane na ya inje.

Hatua ya 3: toa mlango. Si mlango wa bawaba, ni kama boti ya chuma tupu ndani, unapompa maji ya ndani yake itoke, inaelea, unaivuta pembeni. Meli inaingia kwa kamba pole pole, mlango unarudi, unaujaza maji unazama kwa nafasi yake.

Hatua ya 4: piga pompi, maji itoke kwa shimo. Zamani ilikuwa ya mvuke. Mkuku, ule mfupa wa mgongo wa meli, ukianza kugusa magogo, kwa kawaida nyuma njo inagusa kwanza, SIMAMISHA, wapiga mbizi waangalie. Ile dakika meli haielei vizuri na haijakaa vizuri, inaweza kulala upande, njo maana wanaikaza na miti kutoka kwa zile ngazi za mawe.

Hatua ya 5: osha tumbo mbio kungali mbichi, takataka ya bahari ikikauka inakuwa sawa simenti.

MASWALI

– Grand, mlango unashikwa na nini usisukumwe?
Na maji yenyewe, mdogo wangu. Ya inje inausukumia kwa mawe, ndani hakuna kitu ya kuurudisha.

– Yaya, shaba kwa tumbo ya meli ni ya urembo?
Hapana mama. Baharini kuko funza inatoboa mbao, shaba inaizuia. Ba Lushi (bandugu wa Lubumbashi, kwenye shaba) musianze kuhesabu bei!

– Na sisi Kivu tunaweza kuwa nayo?
Maji ya Kivu haipwi wala haijai kila siku kama bahari, na boti zetu nyingi ni ndogo. Mimi ningechagua reli ya kushuka majini na winchi nzuri. Lakini ile plani ya magogo ni ile ile, na kwetu magogo wanayatafutaka boti ikiwa imefika tayari.

– Tunaleta boti ya kwetu juma tatu, tukuje na magogo?
Kuja na vipimo kwanza.