Kumpita aliye polepole kwenye njia za vumbi

Mwongozo huu ni wa wanaoshuka na pikipiki kutoka Kona Baridi kuelekea Ol Tepesi na Olorgesailie, kwenye vijia vya ng'ombe kandokando ya barabara ya Magadi, nchini Kenya. Nimeuandika baada ya kumtembeza huko binamu yangu. Pikipiki anaimudu vizuri, ila kila tulipomkuta mtu mbele alidhani mwenye kasi ndiye mwenye njia. Sivyo. Anayetaka kupita ndiye anayebeba kazi yote.

1. Pangeni msafara kabla ya kuwasha. Anayejua njia mbele, mwenye vifaa vya kuziba pancha nyuma kabisa, wageni katikati. Penye njia panda, wa pili asimame hadi wa mwisho afike. Mkifanya hivyo hamtahitaji kupitana sana.

2. Kaa nje ya vumbi lake. Januari na Februari vumbi la huko huficha hata jiwe la ukubwa wa sufuria. Usipomwona aliye mbele, umemkaribia mno.

3. Mjulishe kwamba upo. Hapa ndipo watu huumizana. Pikipiki nyingi za njia za vumbi hazina honi, na aliyevaa helmeti juu ya injini yake mwenyewe hakusikii. Basi kijana anamkaribia hadi karibu amguse, anangurumisha. Mgeni akishtuka hufanya moja kati ya mawili: anageuka kutazama, na pikipiki hufuata macho, au anabana breki ya mbele juu ya changarawe. Vyovyote vile ataanguka, na wewe uko mgongoni kwake.

Subiri mahali peupe. Sogea nyuma yake upande wa kulia, vuta mafuta kidogo mara moja, kisha tulia. Akitikisa kichwa, amekusikia tu, hajakuruhusu. Ruhusa ni kupunguza mwendo au kukuonyesha upande kwa mkono. Kwa kawaida utapita kulia, kama barabarani, lakini akikuonyesha kushoto pita kushoto, yeye ndiye anayeona kilicho mbele.

Na usimfokee "toka pembeni!" Pembeni ndiko kwenye miiba ya migunga na mawe yaliyolegea, na yeye ndiye mwenye ujuzi mdogo. Mwache abaki kwenye njia iliyokanyagika, mawe uyapande wewe. Kama huwezi kuyapanda, basi hujawa na haraka kiasi hicho.

Mlimani usijaribu kabisa. Anayepanda akikatizwa mwendo hupata taabu kuondoka tena, na akiserereka kinyumenyume atakujia wewe. Ngoja chini hadi afike juu. Ukiwa unashuka na mwenzako anapanda, simama umpishe. Ndani ya korongo jembamba hata usijitangaze, maana hana pa kukupisha. Utamtia wasiwasi bure.

Wapo wanaotoboa silensa ili wasikike. Mimi siongozani nao. Kioo kimoja cha kukunja kwenye usukani wa mgeni kinafaa kuliko kelele zote hizo.

4. Pita. Gia ya juu kidogo, mafuta laini, na usiyafungue hadi umemwacha mbali, kwa kuwa tairi la nyuma hurusha kokoto moja kwa moja usoni. Inua mkono wa kushoto: vidole ni idadi ya wenzako wanaofuata, ngumi maana yake wewe ndiye wa mwisho.

5. Mchungaji na mbuzi wake, punda wenye mitungi ya maji, bodaboda aliyepakia mama na mtoto: hao nao wako polepole, tena hawakuja kucheza. Shuka hadi mwendo wa kutembea, salimia, pita.

6. Mkisimama kumngoja wa nyuma, msiondoke anapotokea tu. Nyinyi mmeshapumzika, yeye bado. Zimeni injini, avue helmeti, anywe maji, kisha yeye ndiye aseme twende.